Niende kwenye upadrisho wa mdogo wangu, nikose njia ya kurudi?

Shangazi, shikamoo.

Nilianza kukusoma nikiwa Moshi, nauza mitumba Kiborloni. Leo nakuandikia nikiwa Uingereza, nimetoka zamu ya usiku na usingizi hauji.

Nina miaka 38, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto wanne, kwetu ni Rombo. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, kitindamimba wetu akiwa darasa la pili. Mama alitulea kwa migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja, na mimi nilipopata mtaji nikabeba mambo ya mdogo wangu. Ada, sabuni, dawa ya meno, viatu vya mpira, nauli za likizo, vyote vilitoka kwenye meza yangu ya mitumba, tangu yuko seminari ndogo hadi anakwenda Kibosho kwa falsafa na Segerea kwa teolojia. Sasa ni shemasi. Julai hii Baba Askofu anampa daraja la upadre, kanisa kuu pale Moshi mjini, na kesho yake ni misa ya shukrani parokiani kwetu. Ukoo wetu haujawahi kutoa padre, kwa hiyo kijiji kilivyo sasa hivi nadhani unakijua bila mimi kukusimulia.

Huku nilikuja 2023 kwa viza ya kea, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Viza ilikuwa ya miaka mitatu na imeisha mwezi wa tano. Kabla haijaisha mwajiri alinipa cheti kipya cha udhamini, nikaomba nyongeza, na kwa sheria yao naendelea kufanya kazi kihalali huku nasubiri jibu. Kwa kawaida jibu huchukua hadi wiki nane, na wiki nane zangu zinaangukia palepale kwenye wiki ya sherehe. Tiketi nilishakata tangu Februari wakati bei ni nzuri, nikiamini mambo ya viza yatakuwa yamekwisha. Juzi nimempelekea mwajiri fomu ya likizo, akaniambia nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yangu yanahesabiwa yamefutwa.

Nikauliza kwenye kundi letu la Watanzania wa huku, kila mtu akaja na lake. Mmoja anasema nipitie Dublin, eti ukitoka huku kwenda Ireland hakuna anayekukagua. Mwingine anasema yeye aliwahi kusafiri hivyohivyo na hakuna aliyemuuliza. Wa tatu akaandika: kazi zipo, viza zipo, padre ni mmoja. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Nyumbani hawajui lolote. Mama anahesabu nimeshafika. Amemwambia paroko kwamba kasula, lile vazi la juu la padre la kusomea misa, tutaipeleka pamoja, yeye na mimi, mimi nikiwa mahali pa baba. Vitenge vya sare vimeshanunuliwa, vipimo vyangu nilimtumia fundi, na wiki iliyopita mama alinitumia picha ya gauni langu limetundikwa kwenye mlango wa kabati, bado lina uzi mweupe wa bandi.

Halafu kuna kamati. Mwenyekiti ni baba mdogo. Mimi niliahidi kwenye kundi la kamati shilingi milioni mbili za zawadi ya padre, nazo nilikuwa nimezipigia hesabu. Kikao kilichofuata baba mdogo akasimama akasema zawadi ya padre ni gari, na suala la gari liko mikononi mwa dada yake wa Uingereza. Watu wakapiga makofi, kundi likajaa vile vikatuni vya kucheza. Niliona usiku nikiwa kazini, nikakosa hata la kuandika. Tangu hapo kila anayenipigia ananiuliza rangi.

Shangazi, mshahara wangu kwa mwezi ukishakatwa kodi unabaki chini kidogo ya pauni 1,800. Chumba ni 600, bado nalipa deni nililokopa kuja huku, na mama namtumia. Nikisema gari siwezi, watasema nimewasahau. Nikisema siji kwa ajili ya viza, watasema nimeharibu karatasi au nimefukuzwa. Binamu yetu mmoja alirudishwa kutoka nchi nyingine miaka ya nyuma, na mpaka leo kwenye kilabu cha mbege wanamwimbia. Nimefikiria hata kusema naumwa.

Niende? Nibaki? Na nikibaki, naanza kumwambia nani?

Wako,
Dada wa Shemasi, Uingereza

Marahaba, mwanangu.

Mimi ni Mpare, na kwa utani wetu na nyinyi watu wa mlimani ningekuwa na haki ya kusema kwamba Mchagga anayeulizwa rangi ya gari ambalo hajalinunua amepata saizi yake. Lakini nilipofika kwenye uzi wa bandi kicheko kiliniishia. Utani tuuweke pembeni, nitaurudia siku ukija kunisalimia Same.

Usipande ndege kabla ya jibu. Nalisema mapema ili usisome barua yote ukitafuta mahali nilipolegeza.

Mwajiri wako amekwambia kweli, ila hakukwambia yote. Mtu aliyeomba nyongeza akiwa ndani ya Uingereza, akatoka kabla ya uamuzi, anahesabiwa ameyaondoa maombi mwenyewe. Hayawekwi kando yakamngoja arudi, yanakuwa hayapo tena. Na kwa kuwa viza yako ya zamani imeisha, kinachokufanya uwe halali pale sasa hivi ni maombi hayohayo. Yakiondoka, huna kitu cha kurudia.

Yule wa "viza zipo" amebaki na habari za mwaka uliokuja wewe. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wa kea kutoka nje. Waliokuwa ndani ndio walioachiwa kuongeza muda, kwa kipindi cha mpito kilichotangazwa hadi Julai 2028. Ukiwa Rombo, basi, hata mwajiri wako akupende namna gani, hana njia ya kukuombea tena kazi ileile. Zamani mtu angeweza kujipa moyo kwamba akikosa huku ataomba upya akiwa nyumbani. Kwa kazi yako hilo halipo.

Na Dublin? Ni kweli Ireland na Uingereza wana eneo moja la kusafiri, lakini upadrisho hauko Dublin. Ukipanda ndege pale kwenda Kilimanjaro umetoka nje ya eneo hilo sawasawa na aliyepandia London. Tena Mtanzania anatakiwa awe na viza ya Ireland, asimamishwe njiani asisimamishwe. Huyo mwingine aliyesafiri "hivyohivyo", mimi sijui alikuwa na nini. Labda viza yake ilikuwa bado hai, labda alishajibiwa, labda anapamba hadithi. Mtu akitoka si rahisi kuulizwa, kazi iko kwenye kurudi. Zile kadi za ukaazi zilifikia mwisho wake Desemba 2024 na hadhi ya viza ya mtu sasa inasomwa mtandaoni. Dada wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ataangalia kabla hajakupa kadi ya kupandia, na atakachokiona ni viza iliyoisha Mei.

Kama ungeniandikia kwamba kea imekuchosha, kwamba mgongo umekwisha na unataka kurudi kwenye meza yako Kiborloni, ningekujibu mengine kabisa. Kurudi kwenu ni haki yako. Ila hukuniandikia hivyo. Una deni, una mama, na hujasema popote kwamba umechoka. Usiache kikao cha kamati kikuamulie jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliamua.

Jibu linaweza kuja mapema, lipo la namna hiyo. Likija kabla ya siku ya safari, hakikisha hadhi mpya inaonekana kwenye akaunti yako na pasipoti iliyounganishwa ni hii uliyonayo, kisha nenda, tena kimbia. Ile huduma ya haraka ya pauni 500 juu ya ada kwa kawaida huchaguliwa siku ya kuomba. Ukitaka kujua kama bado unaweza kuipata, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, wala usimpe senti mtu wa kundini anayedai ana mtu wake ndani. Tiketi wapigie shirika mapema uulize faini ya kubadilisha tarehe. Ukingoja siku ya safari ipite kimya bila kutokea, mara nyingi nauli yote imekwenda.

Lakini nyumbani waambie sasa kwamba huji. Najua unataka kusema "nasubiri, nitawajulisha", kwa sababu hivyo haiumi leo. Nimeona familia nyingi zikiharibiwa na hiyo "nitawajulisha". Mtu anasema nakuja, nakuja, mpaka wiki ya mwisho, halafu simu inazimwa, na nyumbani wanabaki kutunga sababu. Aliyesema haji akatokea mlangoni atapigiwa vigelegele hadi wa bonde la tatu wasikie. Wewe sema huji. Jibu likitoka ukatokea, hakuna atakayekudai maelezo.

Kuumwa usiseme kabisa. Mama yako ataanza novena, jumuiya nzima itahamia sebuleni kusali rozari, na mdogo wako atalala kifudifudi mbele ya altare, litania ya watakatifu inaimbwa, na yeye anakuombea upone ugonjwa usiokuwepo. Hebu fikiria utamtazamaje baadaye.

Wa kwanza kuambiwa ni shemasi mwenyewe. Si mama, na si baba mdogo. Siku ni yake, kwa hiyo ni haki yake kujua kabla ya wengine. Ziko sababu nyingine mbili za kidunia zaidi. Yeye ameishi miaka mingi chini ya ratiba za wakubwa, akiambiwa nenda kituo hiki, subiri, rudi darasani, kwa hiyo neno "sijaruhusiwa kutoka" litamwingia haraka kuliko litakavyomwingia mtu ambaye hajawahi kuomba ruhusa. Halafu baada ya Julai hakuna mtu kwenye ukoo wenu atakayebishana naye. Akisema "dada yangu alibanwa na sheria, mimi mwenyewe nilimwambia abaki," mjadala umefungwa, na kule kilabuni wimbo utakosa waimbaji.

Mpigie, usimtumie sauti ya kurekodi. Maneno yawe machache: "Nimeomba kuongezewa muda wa viza, bado sijajibiwa, na sheria ya huku nikitoka kabla ya jibu napoteza maombi na kazi, wala siwezi kuomba tena nikiwa Tanzania. Nataka kuja kuliko kitu chochote. Nimeamua nibaki, na nimeona wewe ulijue kwanza." Kisha nyamaza, mwache aseme. Usianze kujitetea kwa ada ulizolipa wala sabuni ulizotuma. Anazikumbuka, na siku hiyo si ya kumkumbushia.

Umwombe akusaidie kwa mama. Kama anaweza kupanda Rombo ukapiga akiwa amekaa naye jikoni, hapo ndipo pazuri. Kama hawezi, awepo mmoja wa wadogo zako wengine. Mama asiipokee habari hii peke yake, na asiisikie kutoka kwa mtu aliyeisoma kwenye kundi. Atalia. Mwache alie, usimkatishe kwa "lakini mama". Akituliza moyo atakuuliza kama umefukuzwa, maana hilo ndilo wataanza kumuuliza majirani. Mpe jibu fupi analoweza kulirudia njiani kutoka kanisani: "Karatasi zake ziko serikalini zinaongezwa muda, hawaruhusiwi kutoka mpaka zirudi." Kila mtu aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja au kitambulisho anaielewa sentensi hiyo. Wewe si haramu, hujafukuzwa, uko kwenye foleni. Likisemwa kwa sauti ya kawaida linasikika la kawaida. Ukilinong'ona, litakuwa kashfa.

Kuhusu kasula, usimchagulie mama mtu wa kukaa mahali pako, ingawa najua ulimi utakuwasha kwa kuwa umezoea kupanga. Anaweza kutembea na mdogo wako mwingine, anaweza kumwita baba mdogo (na baba mdogo atafurahi mno), anaweza kuamua kuipeleka peke yake. Hilo ni lake na la shemasi.

Na kwenu mna sale, lile jani la kuombea msamaha ambalo mtu akiletewa haruhusiwi kukataa. Huenda mtu atakushauri umtume mdogo wako alipeleke kwa wazee wa ukoo. Usilitume. Hujamkosea mtu. Ukilituma umekiri kosa, na wazee watalipokea kwa moyo mweupe na kulikumbuka kwa miaka.

Tuje kwenye gari, na hapa nitakaa kidogo.

Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi, za harusi, za kipaimara, na moja ya upadrisho. Mwenyekiti akiona ahadi zinasuasua, hutafuta jina la mtu asiyekuwepo kikaoni, hasa wa nje, na kumtundikia ahadi kubwa. Hategemei yote itimie. Anawachokoza waliokaa mbele yake waongeze za kwao, maana nani atabaki na ahadi ya elfu hamsini wakati mwenzake ametoa gari? Kwa hiyo usimchukulie baba mdogo kama adui. Alikuwa anaiendesha kamati, na jina lako lilikuwa karibu. Alikosea kutokukuuliza, lakini ukimvaa mbele ya watu utamfanya ashikilie alichosema, kwa sababu mwenyekiti hawezi kushuka mbele ya makofi.

Kwa hiyo mpe ngazi ya kushukia. Mpigie peke yake, umsalimie vizuri, umwambie unashukuru anavyolibeba jambo la marehemu kaka yake. Halafu mweleze kwamba uwezo wako ni ule ulioandika mwenyewe, milioni mbili, na gari huliwezi. Usimtajie mshahara wako. Ukianza kutaja pauni ataziwekea hesabu ya shilingi na utakuwa umepoteza, kwa kuwa hatazipunguza kodi wala chumba. Mwambie kabla ya kikao kijacho utaandika kwenye kundi, ili apate nafasi ya kulisema yeye kwanza akipenda.

Kabla hujaandika, hela iwe imeshamfikia mweka hazina na risiti unayo. Ahadi iliyolipwa inapewa sikio tofauti na ahadi inayoning'inia. Kisha andika: "Wanakamati, shikamooni na poleni na kazi. Ahadi yangu ilikuwa shilingi milioni mbili na leo nimeikamilisha kwa mweka hazina. Wazo la gari ni la kamati yetu sote na mchango wangu ndani yake ni huo. Kwa sababu za viza sitaweza kuwepo, shemasi na mama wanafahamu. Nawaombea maandalizi mema." Usijibu maswali yatakayofuata. Kutakuwa na atakayeweka kikatuni cha kulia na atakayeandika "mmh". Mwache na "mmh" yake. Na kama faini ya tiketi imekukaba hata hiyo milioni mbili imekuwa nzito, punguza sasa, iwe moja, lakini iwe taslimu.

Kuna jambo ambalo inaonekana hakuna aliyemuuliza mhusika: je, analitaka hilo gari? Padre mpya hupangiwa na askofu, mara nyingi anaanza kama paroko msaidizi, na huenda akaenda mahali ambapo parokia ina chombo chake au ambapo pikipiki ndiyo inayofika vigangoni. Gari lina mafuta, bima, matairi na fundi, na likiharibika mwezi wa tatu simu itapigwa Uingereza. Ungeniuliza mimi, ningemwomba mweka hazina aandike hela yako kwenye mambo mawili: mavazi ya misa, ambayo masista wanashona vizuri sana, na kukodi Coaster ya kuwashusha wazee wa ukoo kutoka Rombo hadi kanisa kuu na kuwarudisha kabla ya giza. Kwenye sherehe zetu watu wanakumbuka ndafu na MC, na bibi mwenye miguu mibovu anaachwa nyumbani kwa sababu viti vya gari vimejaa vijana wa kwaya. Hilo wewe unaweza kulizuia ukiwa kulekule uliko.

Siku yenyewe usipokee zamu, hata wakikuongezea malipo. Julai nyinyi mko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo misa ikianza saa nne asubuhi huku, kwako ni saa mbili. Wapiga video wa kamati watakuwa wanapiga maua na wageni rasmi. Tafuta mpwa mmoja mwenye mkono uliotulia, mnunulie bando na chaji ya akiba, na umpe kazi moja tu, ya kukuonyesha pale anapolala kifudifudi, pale askofu anapomwekea mikono, na pale anapovishwa kasula. Misa hizo ni ndefu, asianze kurusha tangu wimbo wa kuingia akaishiwa chaji kwenye mahubiri.

Viza ikitoka, panga safari yako bila kamati. Kwa mwaka una haki ya likizo ya malipo isiyopungua wiki 5.6. Pata kibali cha mwajiri kwa maandishi na rudi siku uliyoandika, kwa sababu mdhamini analazimika kuripoti mtu asiyeonekana kazini zaidi ya siku kumi za kazi mfululizo bila ruhusa. Desemba nyinyi wote mnapanda mlimani kuhesabiwa na nauli inapaa. Mimi ningekuja nje ya msimu huo, nyumba ikiwa na watu wa nyumbani tu. Mwombe mdogo wako asome misa pale uani, mwende pamoja kwenye kaburi la baba, na akupe baraka yake ya kwanza. Mapadre wapya huendelea kuitoa kwa ndugu waliokosa siku ile, na wewe hutakuwa umebanwa kwenye foleni ya watu wanaopiga magoti kugombea viganja vyake. Gauni mwambie mama asilipunguze kumpa mtu mwingine.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Kabla ya upadrisho shemasi lazima aingie mafungo ya siku zisizopungua tano, na wengi huko huweka simu kando kabisa. Muulize leo anaingia lini, na hayo mazungumzo yafanyike kabla ya hapo, ili akiwa kule ndani awe ameshalisikia kwako, na mtu wa kamati asimpelekee kwa njia ya dirishani.